Dewitt Cagle na Makasia ya Wageni

Ilikuwa mwaka sabini na mbili. Hapana, siyo. Sabini na mbili ndio mwaka nilioangukiwa na gogo nikatembea na mkongojo mpaka Krismasi, na siku ninayotaka kuisimulia nilikuwa na miguu yangu yote miwili mizima. Basi ni sabini na nne, majira ya machipuko, maana mwaka uliotangulia mto Mississippi ulikuwa umefurika, na ua wa kanisa pale Samburg ulikuwa bado umelala chini, kila mwanamume akisema atausimamisha Jumamosi.

Dewitt Cagle wakati huo alikuwa mtu wa sitini na kitu, mgane, mwembamba, na kofia yake haikuvuliwa ila kanisani na mbele ya kinyozi. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wageni kuvua samaki waitwao bass katika Ziwa la Reelfoot. Alikuwa na boti nzuri ya mbao, mwenyewe akiipaka rangi ya kijani kila mwaka, na katikati ya boti ilikaa injini. Hizi boti zetu injini haining'inii nyuma. Imekaa ndani, katikati, kama mgeni wa heshima, na wewe unakaa nayo magoti kwa magoti. Ile ya Dewitt haikuwa na kifuniko wala bomba la kupunguza kelele. Alisema kifuniko kinainyima pumzi.

Sasa fikiria mtu aliyezungumza na wageni juu ya injini ile tangu ujana. Sauti yake ilizoea kushindana nayo, ikashinda, na ikabaki hivyo hivyo hata injini ilipozimwa. Dewitt alipoagiza mayai mgahawani, wapishi wa nyumba ya pili walikuwa wanajua anayataka yameiva kiasi gani. Kanisani alipoinama kuomba kimoyomoyo, mchungaji alikuwa anangoja amalize. Hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa mpole kama ndama, ila ndama mwenye honi.

Mtu huyu alimpenda Bi Orlene Tansil.

Orlene alikuwa na duka la chambo karibu na bandari ndogo ya boti: vidagaa kwenye pipa, nyenje kwenye sanduku la wavu, minyoo kwenye friji kando ya siagi yake mwenyewe. Mumewe alikuwa amefariki miaka mingi. Mwanamke mnene wa kupendeza, mwenye mikono ya kufanya kazi, na mvuvi wa bass hodari kuliko wengi wetu tuliojiita wavuvi. Lakini yeye hakuwa na injini. Alipiga makasia, na alizungumza kwa sauti ndogo hata ulipaswa kuinama kidogo, na ukiinama hivyo ulikuwa unanunua nyenje zaidi ya ulizokusudia.

Majira yale ya machipuko ikajulikana kwamba Orlene anaondoka. Dada yake Maurine, aliyekaa Paducah, alikuwa na chumba kitupu na maneno mengi, na alikuwa amemshawishi afunge duka akaishi naye. Shemeji yake angekuja na lori Jumapili baada ya ibada kubeba vitu. Orlene alikuwa amekubali, si kwa furaha wala kwa huzuni, kama mtu anavyokubali kuongezewa kahawa.

Dewitt akapata homa. Si homa ya hospitali. Alikaa mgahawani akikoroga kikombe kisichokuwa na sukari.

"Mwambie basi," nikamwambia. Mimi nilifika Samburg nikiwa napita tu, natoka kuchuma pamba upande wa Arkansas, nikapenda mkate wao wa mahindi nikakaa. Hivyo mambo ya watu nilikuwa nayatazama vizuri, kama mtu asiye na shamba.

"Nimwambie wapi, Lonzo?" akaniuliza, na watu wa meza zote wakaacha kutafuna. "Nilijaribu dukani. Nikamwambia, Bi Orlene, kuna jambo limekaa moyoni mwangu. Kabla hajafungua kinywa, Harl akajibu kutoka nje kwenye pampu ya petroli, akasema, endelea, tunasikia."

"Na tulisikia kweli," akasema Harl Stovall, mwenye ile bandari ya boti, kutoka kaunta. "Tena yule mgeni niliyekuwa namwekea petroli akazima redio yake asipitwe."

"Basi nitampeleka ziwani," akasema Dewitt. "Kesho. Mbali kabisa, kwenye Ghuba la Pruett, pasipo na mtu."

Mgahawa wote ukawa umepata habari. Kesho yake Ghuba la Pruett halikuwahi kuona boti nyingi namna ile. Mimi nilikuwa hapo kwa sababu zangu, maana samaki wadogo wa kukaanga walikuwa wanataga kando ya mayungiyungi, na mtu asiniambie vingine.

Orlene alikubali kwenda kwa sharti moja. Alisimama bandarini na ufito wake wa kuvulia, akaitazama boti, akasema, "Makasia yako wapi?"

"Makasia ya nini? Injini hii haijawahi kunitupa."

"Dewitt, mimi siingii kwenye boti isiyo na makasia."

Dewitt hakuwa na makasia tangu sijui lini. Nadhani aliyafanya nguzo za banda la kuku. Akaingia bandani kwa Harl akatoka na jozi iliyokuwa imeachwa na mgeni wa Chicago, mapya, yamepakwa vanishi, na vishikio vyake vya chuma. Yakatumbukia kwenye matundu ya ubavu wa boti kama yalitengenezewa hapo. Hakuna aliyeyatazama mara mbili. Hapo ndipo kosa lilipoingia botini, likakaa kimya.

Kwa sababu chini ya maji yetu kuna msitu. Ardhi ilitikisika zamani za mababu, msitu ukazama, na visiki vimebaki, vingine vikiwa karibu na uso wa maji hata unaweza kusimama juu ya kimoja ukavuta sigara, watu wa mbali wakadhani umeokoka sana. Kwa sababu hiyo makasia ya Reelfoot yana bawaba. Unayavuta kuja kwako, na boti inakwenda mbele, huko huko unakotazama. Mtoto wa hapa hajui namna nyingine. Kwingine watu hupiga makasia wakiwa wameipa mgongo njia yao, jambo ambalo sisi tuliliona kama kula ukiwa umefumba macho.

Wakaondoka. Injini ilinguruma, bata wakahama, Dewitt akamsimulia Orlene habari za kila mti wa msipresi waliopita, na sisi sote tukazisikia tena. Orlene alikaa nyuma amefunga kitambaa kichwani, akitikisa kichwa kwa adabu.

Kwenye mdomo wa ghuba maji yanakuwa mafupi. Kipindi kile bass hujisogeza huko kwenye maji ya magotini na ya kiunoni, chini ya majani mapana, kutengeneza viota vyao, na huwa wakali na waoga kwa pamoja. Ukigonga ubao wa boti, wamekwenda. Orlene akaonyesha kwa mkono kwamba injini izimwe pale.

"Hapana," akasema Dewitt. "Nitakufikisha mpaka mlangoni kwao. Boti hii imetengenezwa kupanda visiki."

Ni kweli, chini ya pangaboi kulikuwa na chuma cha kulikinga. Boti ilikifikia kisiki, ikakipanda vizuri, ikakaa juu yake ikafikiri, kisha ikateremka upande wa pili kwa kishindo. Kitu kikalia ka! Injini ikapiga kelele kuliko siku zote, na boti haikwenda popote. Shafti, kile chuma cha kuzungushia pangaboi, ilikuwa imekatika.

Dewitt akazima injini. Jamani, ule ukimya. Sikumbuki kuusikia mwingine kama huo ziwani. Ndege mmoja mwekundu akaanza kuimba, akanyamaza, kama aliyeona haya kusikika.

Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya misipresi, si mbali. Maneno ya Dewitt niliyasikia kama yupo kwenye boti yangu. Ya Orlene alinisimulia mwenyewe baadaye, akimenya viazi, akicheka mpaka kisu akakiweka chini.

"Usiwe na wasiwasi," akasema Dewitt. "Nitapiga makasia."

Akakaa, uso mbele, kama alivyofundishwa na baba yake. Akayashika makasia ya mgeni, akavuta kwa nguvu zote. Boti ikarudi nyuma ikapanda kisiki kile kile.

Dewitt akaitazama mikono yake. Akavuta tena. Kisiki kikagonga tena.

"Dewitt," akasema Orlene, "tunakwenda wapi?"

"Kwenye viota."

"Viota viko mbele."

"Najua viota viko wapi, Bi Orlene. Haya makasia ndiyo hayajui."

Akajaribu kuyasukuma badala ya kuyavuta. Boti ilisogea kidogo, lakini ukisukuma namna hiyo kwenye majani mazito huna nguvu, na mgongo unakuambia umri wako. Nje kidogo ya ghuba nilisikia watu wakikohoa, kile kikohozi cha mtu anayezuia kucheka kwa heshima ya wanawake.

"Geuka," akasema Orlene.

"Nigeuke vipi?"

"Geuka ukae unitazame mimi. Upe mgongo upande wa mbele, halafu vuta. Haya ni ya watu wa kwingine. Ndivyo yanavyotaka."

"Mimi siwezi kupiga makasia nisikokuona. Nitapasua boti."

"Mimi nitaona. Wewe vuta tu, nitakuambia."

"Watu watanionaje?"

"Watu wanakuona tayari. Harl yuko nyuma ya ule mti, na kofia yake imechomoza. Geuka."

Akageuka. Aliinuka, akalizunguka lile lichuma la injini kama mtu anayevuka mbele ya mbwa asiyemjua, akakaa. Na sasa, ndugu zangu, tazameni jambo lenyewe. Kwenye boti zetu mpigaji makasia huangalia maji, na abiria anakiona kisogo chake. Dewitt alikuwa amewabeba watu maisha yake yote bila kuwatazama. Alikuwa anarusha maneno mbele na injini inayapiga teke nyuma. Leo amekaa uso kwa uso na Orlene Tansil, magoti yakikaribia kugusana, mikono yake yote miwili imeshikwa na kazi, hana pa kuweka macho isipokuwa kwake.

Akaanza kuvuta. Nadhani kwa hofu.

"Kulia kidogo," akasema Orlene. "Kisiki. Sasa nyooka. Polepole, usichape maji. Hapo."

Na kwa kuwa walikuwa wanapita taratibu bila sauti katikati ya viota vya bass, na yeye ni yeye, akachukua ufito wake. Alikuwa amefunga mnyoo wa plastiki wa zambarau. Akautupa kando ya jani, ukatua kama kitu kilichodondoka chenyewe.

Mshipi ukatembea.

"Huyo," akanguruma Dewitt, "mvute, Bi Orlene, mvute, yuko chini ya..."

Maji yakavimba mahali patatu, panne, kama mtu aliyekunjua shuka, na bass wote wa sehemu ile wakawa wamekwenda zao Kentucky. Mshipi ukalegea.

Orlene hakukasirika. Alikusanya mshipi wake taratibu akasema, "Dewitt, maji hapa yananifika kiunoni. Ukipiga kelele tena nitashuka nitembee kwenda nyumbani."

"Sikupiga kelele," akasema Dewitt, na mwangwi ukamkanusha kutoka ng'ambo. "Hii ndiyo sauti yangu."

"Unayo nyingine. Kila mtu anayo. Hujaitafuta tu."

Hapo ikawa kama mchezo. Wakasonga, makasia yakiingia na kutoka, Orlene akielekeza kwa kidole badala ya maneno: huku, huku, simama. Dewitt akakifuata kile kidole kwa macho kama paka. Alijifunza kuliweka kasia chini bila kugonga ubao. Kila alipotaka kusema neno, mashavu yalijaa, mshipa wa shingo ukasimama, na Orlene akaweka kidole midomoni, naye akalimeza. Nilimhurumia. Kumwona Dewitt amejaza maneno namna ile ilikuwa kama kutazama sufuria iliyofunikwa na jiwe.

Samaki wangu mwenyewe alikuwa amekula chambo zamani na kuondoka, sikuwa na habari.

Kwenye kona ya ndani, pale ambapo msipresi mmoja umeinama hadi majini, mshipi ukatembea tena. Orlene akangoja. Dewitt akafumba macho kabisa, asije akajisaliti. Orlene akapiga ufito juu, ukapinda hadi ncha yake ikanywa maji, na bass akaruka, kinywa wazi kama mlango wa kabati. Dewitt hakutoa sauti. Alizamisha kasia moja, akaizungusha boti kuielekeza mbali na mizizi, kidogo tu, sawasawa na ilivyotakiwa, halafu akateremsha mkono majini akamshika samaki yule mdomo wa chini, akampandisha. Mnene, wa kijani, mwenye mstari mweusi ubavuni. Walimtazama pamoja, vichwa vimekaribiana.

Na ndipo nilipomwona Dewitt Cagle akiinama mbele, samaki bado mkononi, na midomo yake ikaanza kutembea.

Sikusikia kitu.

Nikatega sikio. Nikaacha hata kupumua. Midomo inakwenda, nami sisikii. Harl nyuma ya mti wake alikuwa amevua kofia kabisa ili masikio yapate nafasi. Huko mdomoni mwa ghuba boti nyingine ilikuwa inakuja na injini, na Harl akaipungia mkono kwa hasira izime, ikazima. Ziwa zima likakaa linasikiliza mtu ambaye tangu tumjue hatukuwahi kuhitaji kumsikiliza, na hatukupata hata silabi moja. Alisema kwa muda. Haikuwa sentensi fupi. Kuna mahali alisimama, akaangalia samaki, akaanza tena.

Orlene alimtazama. Mkono wake ulikuwa umebaki kwenye kitambaa chake kichwani, kama aliyetaka kukifunga upya akasahau. Kisha naye akasema kitu, kifupi mno, pengine maneno mawili. Akachukua samaki kutoka mkononi mwa Dewitt, akamwachia majini. Samaki yule angetosha chakula cha watu wanne.

Harl hakuweza kuvumilia tena. Akatoka mafichoni, akaja kwa makasia na kamba begani, amevaa uso wa mtu anayepita kwa bahati.

"Naona mmepata tabu," akasema. "Nipeni kichwa cha boti niwavute."

"Hatutaki kuvutwa," akasema Orlene.

"Bi Orlene, shafti imekatika, na huyu bwana anakwenda kinyumenyume kama kamba wa majini."

"Nakwenda vizuri," akasema Dewitt. Kwa sauti yake ile ya kale. Harl mwenyewe alisema baadaye kwamba alifurahi kuisikia, alikuwa ameanza kuogopa kuwa Dewitt ameugua.

Wakarudi hivyo hivyo hadi bandarini, jua likiwa bado juu, Dewitt amelipa mgongo ziwa zima, Orlene akisema kulia, kushoto, na boti zote zikifuata nyuma kwa mbali kama msafara wa harusi usiojua bibi harusi ni nani. Hawakugonga kisiki hata kimoja. Alipofunga kamba nguzoni, mikono ya Dewitt ilikuwa na malengelenge, na hakutaka kumwonyesha mtu.

Hakuna aliyejua jibu. Ijumaa duka lilikuwa wazi, lakini hilo si kitu, lilipaswa kuwa wazi. Jumamosi niliona masanduku ya karatasi yamepangwa mlangoni nikasikitika. Dewitt hakuja mgahawani. Jumapili baada ya ibada lori la Paducah likaja, Maurine mwenyewe akiwa mbele na kofia ya maua, na sisi tukawa tumepata shughuli karibu na duka. Harl alikuwa anatengeneza pampu ambayo haikuwa imeharibika.

Orlene akatoka amevaa aproni. "Maurine, karibuni mle kwanza," akasema. "Kuna kambare, kuna maharagwe."

Nao walipoingia, aliyekuwa anakaanga kambare jikoni ni Dewitt Cagle, unga wa mahindi mpaka kwenye nyusi.

"Na huyu ni nani?" akauliza Maurine.

"Huyu," akasema Orlene, "ndiye sababu ya lori kurudi tupu."

Halikurudi tupu kabisa. Shemeji alipewa mitungi ya matango ya siki na friji ya zamani ya minyoo, na alionekana kuridhika. Nadhani hakupenda kubeba makabati. Masanduku yale mlangoni yalikuwa vitu vya Dewitt, vinaingia.

Walioana mwezi wa sita. Dewitt akajibu "ndiyo" mbele ya mchungaji, na mbwa watatu wakabweka nje. Alitengeneza shafti, akaendelea kuwapeleka wageni, akaendelea kunguruma. Lakini siku zao wawili, mimi niliwaona kwa miaka mingi, injini ilibaki imefunikwa turubai, na Dewitt alikaa na yale makasia ya Chicago, amegeuka upande usiofaa, akivuta taratibu kwenye maji mafupi. Watoto wa hapa walimcheka. Alisema ndiyo njia pekee ya kuona vizuri.

Sasa hawapo wote wawili, na duka ni la mpwa wa Harl. Waliishi vizuri, sina la kulalamika juu yao ila moja. Nilimuuliza Dewitt mgahawani, akacheka na kuagiza mayai. Nikamuuliza Orlene akimenya viazi, akasema kamuulize Dewitt. Nikamuuliza tena Dewitt siku nilipomtembelea kitandani, mwaka wake wa mwisho, wakati hata ile sauti ilikuwa imepungua ikawa kama ya mtu mwingine yeyote. Akanibana mkono, akageuka kutazama dirishani mahali Orlene alipokuwa anaanika nguo. Mimi ni mzee, nimetembea kwingi, nimesikia wanaume wakiwaambia wanawake maneno ya kila namna, mengi yake ya bure. Dewitt, ndugu yangu, ulimwambia nini pale kwenye mayungiyungi?